Siafu wa Madigadi ya Kushoto

Gereji, 3 Februari

Kwa Chama cha Madereva Wastaafu wa Jeshi, ng'ambo ya mpaka.

Wazee wangu, shikamooni.

Mimi ni fundi wa magari. Huku mtaani wananiita Mama Spana, na wateja wangu watawaambia kwamba gari likinishinda mimi, lililobaki ni kulipeleka kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. Sijigambi. Nataka tu mjue kuwa anayewaandikia hachezi.

Mwaka jana nilinunua lori dogo la kijeshi kutoka kiwanda cha mbao. Nililikuta nyuma ya kiwanda, mti umeota kwenye boneti na kuku wanataga kwenye kiti cha dereva. Injini nimeifungua yote nikaifunga upya, sasa inanguruma kama haijawahi kulala. Breki tayari. Kilichobaki ni rangi, na hapo ndipo nilipokwama.

Nilipopiga msasa madigadi ya kushoto, kwanza ilitoka buluu ya kiwanda. Chini ya buluu, duara jeupe la jeshi letu. Chini ya duara nikakuta kitu ambacho sikukitegemea: mraba wa njano, kama wa magari ya jeshi lenu, na ndani yake mdudu mweusi. Nikaweka msasa chini. Lori hili lilikuwa lenu kabla halijawa letu.

Chama chetu cha magari ya kale kina maonyesho mwezi wa sita. Sheria yake ni kwamba gari lipakwe alama za kikosi kilicholitumia kweli, kama zilivyokuwa, si kama mwenye gari anavyotamani zingekuwa. Nataka kulirudishia mdudu wake. Lakini ni mdudu gani? Nusu yake imeliwa na kutu. Mimi naona buibui. Je, kuna mwenzenu aliyewahi kuendesha gari la buibui?

Wenu,
Mama Spana


Nyumbani, 19 Februari

Binti yangu Mama Spana,

Marahaba. Katibu wetu aliisoma barua yako mkutanoni, na alipofika kwenye "buibui" nilisimama nikampokonya karatasi mkononi. Buibui! Yule ni siafu. Hesabu miguu: buibui ana minane, siafu ana sita. Sisi tulikuwa kikosi cha ugavi. Kazi yetu ilikuwa kubeba unga, maji, betri, viatu na mablanketi, tukifuatana kwa mstari mrefu usioisha. Ndiyo maana tukapewa siafu, na tulimpenda.

Mimi jina langu la jeshini ni Taratibu. Walionibandika jina hilo walikuwa wakinicheka kwa mwendo wangu. Wote walipindua magari yao. Mimi sikupindua.

Sasa shika kalamu. Mraba ni wa njano iliyochujuka, si njano ya yai. Ukubwa wake ni kiganja cha mtu mzima, vidole vimenyooshwa. Unakaa madigadi ya mbele kushoto, na mwingine kwenye ubao wa nyuma kulia. Kichwa cha siafu kinatazama gari linakokwenda, kwa hiyo wa nyuma amegeuzwa. Tulikuwa na kipande kimoja tu cha bati kilichokatwa umbo lake. Tulikibandika na kupitisha brashi juu. Bati lenyewe lilikuwa limekunjika, ndiyo maana mguu wa mwisho ni mfupi kuliko mingine. Usiurefushe kwa huruma. Ukiurefusha, umepaka gari la kikosi kingine.

Angalia pia upande wa ndani wa bampa ya mbele. Patakuwa na nambari nyeupe. Ikiwa ni 27, lori hilo lilikuwa langu mimi.

Halafu niambie jambo moja. Kule nyuma, benchi la upande wa kushoto bado lipo? Na waliolichukua lori, walikuta chochote ndani?

Nijibu kwa barua. Simu sizisikii vizuri, sikio moja limebaki la mapambo.

Wako,
Taratibu


Gereji, 2 Machi

Mzee wangu Taratibu,

Shikamoo. Kaa kwanza kwenye kiti.

Ni 27.

Nililala chini ya bampa na tochi mdomoni, na nilipoiona nilipiga kelele hadi mpaka-rangi wa jirani akaja mbio akidhani jeki imeniangukia. Mguu mfupi nao nimeupata. Nilidhani ni kutu, kumbe ni bati lenu. Nimekata bati langu, nikalikunja mahali pale pale, nikajaribu kwenye mlango wa choo cha gereji. Siafu ametoka kama pacha wake.

Sasa sikia vituko. Mwenyekiti wa chama chetu, mtu mwenye sharubu nyingi kuliko magari, amepata habari. Amekuja hapa na kusimama mlangoni bila hata kusalimia. "Alama ya adui haitaingia uwanjani mwangu," anasema. "Lipake duara letu jeupe, au libaki nyumbani." Nikamwuliza, sheria yako inasema alama za kweli au alama za kukufurahisha? Akanuna, akaondoka. Atarudi, na mimi nitakuwepo.

Benchi la kushoto halipo. Kiwanda kilikata kila kitu ili mbao zikae. Natengeneza jipya, nipe vipimo. Na umeniuliza walikuta nini ndani. Mzee, mlificha nini humo, dhahabu? Mimi nimekuta misumari, maganda ya karanga na kiota cha panya.

Baba yangu naye alikuwa dereva wa jeshi, wa upande huu, koplo. Ninaishi naye. Yeye ndiye aliyenielekeza lori lilipo. Alisema tu, "Nenda nyuma ya kiwanda cha mbao, kuna chuma kizuri kinaoza bure." Nimempa barua yako aisome. Ameisoma, akavua miwani, akatoka kwenda kumwagilia maua yaliyokwisha kumwagiliwa. Nyie wazee wa jeshi mna mambo yenu.

Wako,
Mama Spana


Nyumbani, 15 Machi

Mama Spana,

Benchi: urefu wa mtu aliyelala, upana wa mabega. Huo ndio ulikuwa upana na urefu wake, nina sababu ya kujua.

Usinitanie tena kuhusu dhahabu.

Nilikuwa na msaidizi kwenye lori lile. Alikuwa kijana, lakini ufundi alikuwa nao kunishinda. Tulikuwa tunarudi nyuma, njia imejaa watu na magari, makombora yanaanguka popote. Kipande cha chuma kikampata kwenye nyonga. Nikamlaza kwenye benchi, nikamfunga kwa shuka, tukaendelea. Mbele kidogo injini ikakohoa, ikazima. Ofisa wetu akaniamuru nikimbie nikatafute gari lingine la kumbeba. Msaidizi wangu mwenyewe akaniambia, "Nenda, mimi nitakulindia lori." Alikuwa anacheka.

Nilirudi na gari. Pale barabarani hapakuwa na kitu. Alama za matairi tu, zikielekea kwenu.

Jina lake halikutokea kwenye orodha ya wafungwa. Halikutokea kwenye orodha ya waliokufa. Vita vikaisha, wakabadilishana watu, nikasimama pale mpakani nikawatazama wote usoni mmoja mmoja. Hakuwepo.

Yule kijana ni ndugu wa mke wangu. Nilikwenda kwao kuwaeleza yaliyotokea, nikarudi tena, na tena, na mwishowe nikamuoa dada yake. Mama yao aliweka sahani ya mwanawe mezani hadi anakufa. Mke wangu haulizi tena, lakini redio ikianza kusoma majina ya waliopotea, anaacha anachofanya.

Hajui kwamba tunaandikiana. Barua zako nazichukulia kwa katibu. Sitaki kumpa tumaini halafu nimnyang'anye.

Nimekueleza. Sasa nakuomba uulize huko. Kiwanda kililinunua wapi? Nani alilichukua barabarani? Mtu mzima hapotei kama skrubu.

Taratibu


Gereji, 24 Machi

Mzee wangu,

Nisamehe kwa utani ule. Nimeusoma tena na sikuupenda.

Nilimsomea Baba barua yako kwa sauti tukiwa gerejini, yeye amekaa kwenye ndoo iliyopinduliwa kama kawaida yake. Nilipofika kwenye nyonga, akanyoosha mkono kunizuia. Akasema neno moja: "Kinanda."

Nikamwuliza, kinanda gani? Akasema, "Mwandikie hivyo hivyo. Kama ndiye, ataelewa."

Mimi sielewi. Tangu jana amejifungia na karatasi. Hataki nimsaidie. Ameniambia, "Hii si kazi ya spana."

Barua yake itafuata. Tafadhali, usikate tamaa na usiende popote.

Mama Spana


Gerejini kwa binti yangu, 28 Machi

Kwa Dereva Taratibu,

Salamu za heshima.

Mimi si mwandishi. Nitaeleza kama nilivyofundishwa kutoa taarifa.

Lori nambari 27 nililichukua mimi. Tulikuwa watu wanne na luteni wetu. Tulilikuta limezimika katikati ya njia. Luteni aliamuru tulisukume mtaroni tupite. Ndipo sauti ikatoka nyuma kwenye turubai: "Msilisukume, jamani, halijafa. Bomba la mafuta limeziba. Lifungue, ulipulize kwa mdomo."

Nilifunua turubai na bunduki mkononi. Alikuwa amelala kwenye benchi, shuka limelowa, na alinitazama kama mtu aliyekuwa ananisubiri. Nilifungua bomba. Nikapuliza. Nikameza petroli, nikakohoa, naye akacheka mpaka maumivu yakamkatiza. Injini ikawaka.

Niliomba ruhusa nimpeleke hospitali yetu. Luteni alisema lori ni nyara, ila niliendeshe, na aliyemo humo shauri yangu.

Sikuwahi kuendesha gari lenye gia ngumu namna ile. Ya pili ilikataa kabisa. Yule mgonjwa alikuwa anaisikia akiwa kule nyuma, akanipigia kelele kwenye kidirisha: "Usiitafute kwa hasira! Irudishe katikati, kanyaga klachi tena, kisha ibembeleze!" Nikafanya hivyo, ikaingia kama kisu kwenye siagi. Njia nzima alinifundisha. Kila kilima aliniambia gia ya kuweka kabla sijaiona. Aliniita Mwanafunzi. Aliniambia dereva wake ni mtu mwenye mwendo wa pole hadi kinyonga anampigia honi, lakini angerudi tu, kwa hiyo nisilikwaruze lori la watu.

Sikuwahi kusikia mtu anayeongea namna ile. Hospitalini karani alimwuliza jina. Alijibu, "Kinanda." Karani aliuliza jina kamili. Alijibu, "Kinanda peke yake anatosha kuwasumbua." Wakaandika hivyo. Nadhani ndiyo maana hamkumwona kwenye orodha.

Kesho yake mchana nilirudi. Nilitaka kumwuliza kuhusu gia ya kurudi nyuma, ilikuwa inachomoka. Nikakuta kitanda kimetandikwa. Muuguzi aliniambia alikuwa anamsimulia mgonjwa wa jirani habari za kuku wa dada yake, akanyamaza katikati. Walidhani anapumzika.

Tulimzika mimi na wahudumu wawili, nyuma ya hospitali, kwenye makaburi. Nilimwekea kipande cha ubao. Baadaye nikamjengea saruji. Nimekuwa nikienda kung'oa majani. Jina lililopo ni Kinanda, kwa sababu sikuwa na lingine.

Lori walilipaka duara jeupe juu ya siafu, wakalizungusha mjini, watu wakashangilia. Nilikuwa kwenye usukani. Kila mtu alitaka nimsimulie nilivyoteka gari. Hakuna aliyetaka kusikia habari za mtu aliyenifundisha kuliendesha. Nikaacha kusimulia, hata nyumbani.

Nilipoonyeshwa barua yako ya kwanza nilijua. Nilihitaji muda. Sasa nimetoa taarifa.

Koplo mstaafu


Nyumbani, 10 Aprili

Kwa Koplo,

Nimeisoma taarifa yako nikiwa nimesimama kwenye ofisi ya chama. Katibu aliniletea kiti, sikukaa. Ndiye: Kinanda ni jina tulilompa jeshini, maana mdomo wake haukupumzika.

Gia ya pili. Hakuna mtu duniani aliyeijua gia ile ila mimi na yeye, na sasa wewe. Ni yeye aliyenifundisha na mimi, kwa maneno hayo hayo. Kuhusu kinyonga kunipigia honi, hiyo ni dharau yake ya siku zote na sitaijibu.

Nilikwenda nyumbani nikamkuta mke wangu anachambua mchele. Nikamsomea tangu mwanzo. Hakulia. Nilipofika kwenye kuku, aliinua uso akauliza, "Kuku wepi? Wale weupe?" Nikasema koplo hakuandika rangi. Akasema, "Ni wale weupe. Jogoo wao alikuwa anamfukuza mpaka juu ya paa." Akaanza kucheka, akacheka sana, na baada ya hapo ndipo alipolia. Mchele ulimwagika wote, tukauokota pamoja.

Ameuliza jambo moja tu: kama aliogopa. Nimemwambia mtu anayemwita askari mwenye bunduki "mwanafunzi" hajaogopa. Nimesema kweli?

Magoti yake hayamruhusu safari ndefu ya basi. Nitakuja mimi mwezi wa sita, siku ya maonyesho ya binti yako. Nataka kuliona lori, na nataka unipeleke kwake.

Taratibu

Nyongeza kwa Mama Spana: huyo mwenyekiti wenu mwenye sharubu, usimwachie nafasi hata ya kidole.


Nyumbani kwa Koplo, 14 Juni

Mke wangu mpenzi,

Ningekupigia simu, lakini haya si mambo ya kupigiana kelele, na ungekuwa unauliza swali moja mimi nasikia jingine. Nimekaa kwenye kibaraza cha hawa watu, nimelishwa mpaka mkanda umegoma, nakuandikia kabla sijasahau hata chembe.

Koplo ni mfupi! Nilikuwa nimejichorea jitu. Tulipoonana stendi tulipeana mikono, kisha kila mtu akasahau kuachia mkono wa mwenzake. Hatukusema la maana. Aliniuliza basi lilikuwa na breki nzuri. Nikasema za kuridhisha. Mama Spana akatuacha hivyo hivyo, akabeba begi langu. Yule binti ana mabega ya mwanamieleka na anacheka kama injini inayowashwa.

Lori nililiona asubuhi yake. Sikuweza kulisogelea mara moja, nikalizunguka. Siafu yupo, mguu mfupi upo, nambari ipo. Hata njano imechujuka vile vile. Ameiacha juani kwa makusudi. Nikamwambia sina la kurekebisha. Akasema alijua, ila alitaka nimwambie.

Uwanjani tulifika watatu, mimi kwenye usukani, Koplo pembeni, binti amesimama nyuma. Mwenyekiti alikuwa langoni na sharubu zake. Akanyoosha mkono. "Nilisema alama ya adui haiingii."

Koplo alishuka. Polepole, unajua wazee tunavyoshuka. Akasimama mbele yake, kofia ikimfika mtu yule kifuani.

"Wewe ulikuwa wapi lori hili lilipotekwa?"

"Nilikuwa shule ya msingi, mzee."

"Mimi ndiye niliyeliteka. Huyu ndiye aliyetekewa lori lake. Sisi wawili tumepatana juu ya alama. Wewe unagombana na nani?"

Kulikuwa na watu nyuma yetu, magari yamepanga foleni, mtu mmoja akaanza kupiga honi, wengine wakafuata. Mwenyekiti akatutazama, akatazama foleni. Akafungua lango. Baadaye alikuja mwenyewe akaomba nimweleze kwa nini mguu mmoja ni mfupi, na nikamweleza, na aliandika.

Nililiendesha kuzunguka uwanja mzima. Gia ya pili, mke wangu! Yule binti angeweza kuitengeneza, hakuitengeneza. Alisema ikitengenezwa litakuwa lori lingine. Mimi na Koplo tukaropoka kwa pamoja, "Ibembeleze!" na ikaingia. Watu walipiga makofi, sijui walidhani tunaimba.

Jana wakanipeleka kwake.

Ni pahali pazuri. Sikudanganyi ili ufurahi. Pana ukuta wa mawe, nyasi zimekatwa, na kaburi lake ndilo safi kuliko yote, maana Koplo hana subira na majani. Saruji imeandikwa kwa msumari: KINANDA. Nilipiga magoti nikaweka kiganja changu juu ya saruji. Ilikuwa na joto la jua. Nikamwambia nilirudi na gari. Nikamwambia ilikuwa njia ngumu siku ile, lakini nilirudi. Nikamweleza kuhusu wewe na mimi, nikamwambia asinicheke. Koplo alikaa mbali kidogo, kofia mkononi, mgongo kwetu, kama mlinzi.

Mama Spana alikuja na brashi zake na kopo la rangi nyeusi. Anataka kuweka jina lake kamili, kwa herufi nzuri, mkono uleule uliopaka siafu. Akaniuliza jina la kwanza. Nikafungua mdomo nikamtajia. Akaniuliza jina la kati, lile alilopewa na mama yenu. Nalijua, unajua ninalijua. Akachovya brashi.

Nikamzuia.

Jina la ndugu yako haliandikwi wakati wewe uko mbali unasimuliwa. Nimemwambia afunge kopo. Koplo akasema hapo hapo, kama aliyekuwa anasubiri niseme, "Basi twende tukamchukue." Binti ameshazungumza na mtu mwenye gari kubwa lenye viti vya kulaza, magoti yako yatasafiri kama malkia. Kutoka mpakani utapanda lori, mbele, katikati yetu wawili, na tutabishana kuhusu gia mpaka utuamuru kunyamaza.

Barua hii nampa dereva wa basi la leo ikuwahi; tunatoka huku Jumamosi. Fungasha gauni lile la samawati na shali, huku asubuhi kuna baridi. Mwachie jirani kuku.

Mumeo,
Taratibu